Bangi na Habasoda Haziwekwi Kapu Moja

Hoja hii tumeisikia Nanyamba, na baadhi ya maimamu wameinyamazia: kwamba bangi ni jani la Mwenyezi Mungu kama tangawizi na habasoda, basi nayo ni dawa. Qiyasi hii ni mbovu. Habasoda imesifiwa katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, na tangawizi imetajwa katika Suratul-Insaan, aya ya 17; wala hatujamwona aliyelewa chai ya tangawizi! Illa ya hukumu ni kuharibika kwa akili, si ujani. Ndiyo maana Imamu Zarkashi (aliyefariki 794 Hijria), katika wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, aliandika Zahrul-Arish, kitabu kizima cha kuharamisha hashishi, yaani bangi.

Lakini tuwe wakweli. Imamu Nawawi aliruhusu mmea wenye kulevya utumike kwa tiba pale isipopatikana njia nyingine. Na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya baadhi ya aina za kifafa cha watoto, iliyochujwa kutoka katika bangi. Hunywewa kwa kipimo cha daktari, haivutwi. Mwenye mtoto wa kifafa ampeleke kwanza hospitali ya Ligula. Aliyeuziwa kete na mganga hajaifikia dharura aliyoikusudia Nawawi.