Picha za Ngome ya Mombasa

Sisi wa Butembo na Beni twaijua Mombasa kwa bidhaa zake: malori hupanda kutoka bandarini, yakapita Kasindi hata masoko yetu. Leo nataka kusema juu ya picha zake za kale, maana nimetazama nakala zake nami sikuridhika.

Ya kwanza ilichapwa Köln mwaka 1572, katika kitabu cha Braun na Hogenberg cha miji ya dunia. Aden iko juu. Chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Kazi ya mikono ni safi kabisa. Lakini waliotengeneza kitabu hawakufika pwani, na nyumba zake zafanana na za Ulaya kuliko za Waswahili. Ngome haimo, kwa kuwa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wakaiita kwa jina la Yesu.

Ya pili ni ramani ya Barreto de Resende katika kitabu cha Bocarro cha mwaka 1635. Hii ilifanywa ili mfalme azijue ngome zake, nayo ina faida kwa kazi hiyo. Basi, miaka minne tu kabla yake, yaani 1631, Sultani Yusuf bin Hasan, aliyebatizwa Jerónimo na kulelewa na mapadri Waagustino huko Goa, aliiacha dini yetu, akamwua kapteni pamoja na Wakristo wengi, Wareno na Waafrika. Tusisahau kwamba babaye mwenyewe aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Ushuhuda wa mauaji ulikusanywa Goa kwa kiapo, ili wale waliokufa wahesabiwe kuwa mashahidi wa imani. Wapi katika ramani ile utaona hayo? Hata maandiko yaliyochongwa langoni yamsifu kapteni mpya kwa kuijenga upya ngome na kuwatiisha wafalme wa pwani. Marehemu hawatajwi.

Mimi napenda zaidi michoro ya askari Wareno iliyobaki katika lipu ya ukuta: merikebu, kwa makaa na udongo mwekundu. Mkono si wa fundi. Kumbe aliyechora alikuwa amesimama pale pale, akaitazama bahari, pengine akingoja kurudi kwao.

Tena kuna neno. “Gereza” latoka katika neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Kanisa lilikuwa ndani ya kuta za ngome, na watu wa pwani wakaziita zote kwa jina moja. Toka 1895 hata 1958 Waingereza waliifanya ngome ile kuwa jela kweli. Tunapokwenda gerezani kusali rozari pamoja na wafungwa, twalitamka neno hilo pasipo kulifikiri.

Picha ya wale Waafrika Wakristo wa 1631, wenye nyuso zao, sijaiona bado.