Mgeni Asiye na Mwenyeji: Uhakiki wa Riwaya ya The Beach ya Alex Garland na Filamu Iliyotokana Nayo

1. Utangulizi

Riwaya ya The Beach ya mwandishi Mwingereza Alex Garland ilichapishwa mwaka 1996, na filamu iliyotokana nayo, iliyoongozwa na Danny Boyle, ilitoka mwaka 2000. Kisa chake kinafahamika. Richard, kijana wa Kiingereza, anafika Bangkok akiwa na shanta mgongoni. Katika nyumba ya wageni ya Khao San Road anaachiwa ramani iliyochorwa kwa mkono na mtu ambaye muda mfupi baadaye anajiua. Akiongozana na vijana wawili wa Kifaransa, Étienne na Françoise, anaifuata ramani hiyo hadi kwenye kisiwa ambacho watalii hawaruhusiwi kufika. Huko wanaikuta jamii ndogo ya wasafiri wa shanta inayoishi kwa siri kando ya ghuba iliyozungukwa na majabali. Mwisho wa jamii hiyo ni damu.

Ni rahisi kuisoma kazi hii kama hadithi ya pepo iliyopotea: watu wema waliokuwa na mahali pazuri, wakapaharibu kwa wivu, hofu na usiri. Makala haya yanapinga usomaji huo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jamii ya ufukweni haikuharibika njiani, bali iliasisiwa juu ya uhusiano uliokwisha kuvunjika, yaani ugeni usio na mwenyeji. Hoja ya pili ni kwamba riwaya inaliona kosa hilo kwa upande mmoja na kulitenda kwa upande mwingine, na kwamba gharama ya kutokuamua huko haikuishia katika kurasa za kitabu.

2. Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unachota kutoka misingi miwili inayojulikana. Wa kwanza ni ule wa Said (1978), unaoonesha jinsi Mashariki ilivyoundwa katika maandishi ya Magharibi kama mahali pa kutazamwa na kusemewa. Wa pili ni ule wa Urry (1990), anayeuchukulia utalii kuwa ni namna ya kutazama iliyoandaliwa kijamii: mtalii hatazami tu kilichopo, bali hutafuta kile alichokwisha kufundishwa kukiona.

Hata hivyo, misingi hiyo inamweleza zaidi anayetazama kuliko anayetazamwa. Kwa sababu hiyo, uhakiki huu unaongeza dhana ya Kiswahili ya mgeni na mwenyeji. Katika Kiswahili maneno haya mawili hayatenganishiki. Mtu hawi mgeni kwa kutoka mbali tu. Huwa mgeni kwa sababu kuna aliyempokea. Methali mbili zinaweka mipaka ya uhusiano huo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" inatamka kwamba ujio wa mgeni unapaswa kuwa faraja kwa aliyemfikia. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" inatamka kwamba ukarimu una kikomo, na kwamba anayebaki hushiriki kazi. Ikumbukwe kuwa katika methali ya pili jembe halichukuliwi. Hutolewa, na mwenye mamlaka ya kulitoa ni mwenyeji. Maana hiyo ndiyo kipimo cha uchambuzi unaofuata.

3. Ramani: Ujuzi Usioulizwa

Tukio linalozindua riwaya ni la makabidhiano. Ramani inatoka kwa mgeni na kwenda kwa mgeni. Hakuna mahali ambapo Richard anamuuliza Mtai yeyote kuhusu kisiwa kile: ni cha nani, kwa nini kimezuiliwa, nani amewahi kuvua pale. Anapohitaji wenyeji, anawahitaji kwa huduma: chumba, chakula, boti ya kukodi. Ujuzi wa nchi anautafuta kwa wasafiri wenzake, kana kwamba waliozaliwa pale hawana la kusema juu yake.

Garland anaiweka jamii ya ufukweni ndani ya hifadhi ya bahari iliyopo katika Ghuba ya Thailand, katika eneo lililofungwa kwa wageni. Wakazi wa ghuba wanaufurahia uzuri wa mahali hapo kwa sababu kuna sheria iliyowazuia wengine, na wanaufurahia kwa kuivunja sheria hiyohiyo. Katazo lililowekwa na nchi wenyeji limegeuzwa kuwa ukuta wa wageni wachache. Riwaya haizami katika kinaya hiki. Inakipita kwa haraka, kwa sababu msimulizi wake ana haraka ya kufika.

Hali kadhalika, siri ya ramani inavunjwa na aliyenufaika nayo. Kabla ya kuondoka, Richard anawaachia nakala Zeph na Sammy, vijana wawili wa Kimarekani. Kitendo hiki kimejengwa vizuri kisanaa, kwani ndicho kinachouleta mwisho. Kinaonesha pia kwamba mahali pasipo na mwenyeji hapana mlango: aliyeingia bila kubisha hana haki wala uwezo wa kumzuia anayemfuata.

4. Jembe Lililochukuliwa

Anayeitetea jamii ya ufukweni anaweza kusema kwamba watu hawa si watalii wa kawaida, kwa kuwa wanafanya kazi. Ni kweli. Kuna kikosi cha uvuvi, kuna bustani, kuna useremala, kuna jiko. Sal, kiongozi wao, anajua kila mmoja anafanya nini. Kwa nje inaonekana kwamba methali ya jembe imetimizwa.

Tukio la safari ya mchele linaibomoa picha hiyo. Akiba ya mchele inapoharibika, Jed na Richard wanatumwa kisiwa cha Ko Pha-ngan kununua mwingine. Hapo inabainika kwamba jamii inayojinadi kuwa imeikimbia dunia haijawahi kujilisha. Samaki na mboga ni vyake, lakini chakula kikuu kinatoka kwa wakulima wasioonekana, kupitia soko lilelile inalodai kulidharau. Jembe lililoshikwa ufukweni ni la kuchagua. Lile linalowashibisha kwa kweli limo mikononi mwa watu ambao riwaya haiwapi hata sentensi moja.

Safari hiyo inampitisha Richard katika ufukwe wa Haad Rin, unaojulikana kwa karamu za mbalamwezi zilizoanza miaka ya 1980 na kukua hadi kuvutia maelfu ya wasafiri kwa usiku mmoja. Anawaona vijana wa shanta kwa kinyaa, kama mtu anayetazama kioo na kukataa uso wake. Kimsingi tofauti kati yake na wao ni ya idadi, wala si ya aina. Wote wamekuja kutafuta mahali ambapo hawatawajibika kwa mtu yeyote. Hiki ni kilele cha uwezo wa Garland kama mwandishi wa tashtiti: anamfanya msimulizi awahukumu wengine kwa hati inayomhukumu yeye mwenyewe.

5. Karamu na Bunduki

Kilele cha kisa ni karamu ya kuadhimisha kuasisiwa kwa jamii hiyo, inayoitwa Tet. Jina hilo ni la sikukuu ya mwaka mpya ya Vietnam, nalo limewafikia wahusika hawa kupitia kumbukumbu ya Vita ya Vietnam. Richard anaiona Asia nzima kupitia filamu za vita hiyo na michezo ya video. Yuko Thailand, lakini anaishi katika Vietnam ya kwenye skrini, ambako wanaume wa Kiasia wamepewa nafasi moja tu: adui aliyejificha vichakani.

Nafasi hiyo ndiyo wanayopewa walinzi wa shamba la bangi wanaoishi upande wa pili wa kisiwa. Hawana majina. Wanaonekana wakiwa na silaha, wanavuta sigara, wanaua. Wanapoingia karamuni na maiti za vijana waliokamatwa, ndio mara ya kwanza kwa jamii ya ufukweni kukutana ana kwa ana na wakazi wengine wa kisiwa. Mwenyeji, ikiwa tutamwita hivyo, anaingia katika sherehe ya wageni wake akiwa na bunduki.

Hapa ndipo udhaifu wa riwaya unapojitokeza. Kwa kuwafanya wahalifu wawe ndio Watai pekee wenye uzito katika kisa, mwandishi amemwondolea msomaji swali gumu. Laiti upande wa pili wa kisiwa kungekuwa na wavuvi, msomaji angelazimika kupima haki ya wavuvi hao dhidi ya raha ya wageni. Pakiwa na walanguzi wenye bunduki, anapima uhalifu kwa uhalifu, na huruma yake inabaki kwa wale anaowajua majina. Filamu inalirekebisha jambo hili kwa kiasi kidogo: mkuu wa walinzi anapewa nafasi ya kueleza kwamba yeye ni mkulima mwenye familia inayomtegemea, na kwamba wageni wanaozidi wanamletea matatizo. Ni maneno machache, lakini ndiyo mahali pekee ambapo mwenyeji anasema kwa nafsi yake.

6. Pingamizi na Jibu

Pingamizi lenye nguvu dhidi ya hoja hii ni la kisimulizi. Inaweza kudaiwa kwamba upofu uliobainishwa hapo juu ni wa Richard, si wa Garland. Richard ni msimulizi asiyeaminika. Anazungumza na mzimu wa mtu aliyemwachia ramani, anautamani mchezo wa vita, na akili yake inazidi kuyumba kadiri kisa kinavyoendelea. Kumlaumu mwandishi kwa macho ya mhusika ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Pingamizi hili lina ukweli, na uhakiki huu unalikubali kwa sehemu. Lakini kinaya huhitaji mahali pa kusimama. Ili msomaji aone kwamba msimulizi anakosea, lazima matini impe walau ufa wa kuchungulia nje ya macho ya msimulizi. Kuhusu uhusiano wa wasafiri wenyewe kwa wenyewe, nyufa ni nyingi. Keaty, Jed na Étienne wote wanatupatia kipimo cha kuuona wazimu wa Richard. Kuhusu uhusiano wao na nchi waliyoivamia, ufa haupo. Mhakiki huyu anakiri kwamba katika usomaji wa kwanza alimaliza kitabu akiwalaani wakazi wa ghuba na wakati huohuo akiitamani ghuba yenyewe. Matini inayolaani safari huku ikiuchochea mguu wa msafiri haijamaliza kazi yake ya uhakiki.

7. Ghuba ya Maya: Matini Nje ya Matini

Ushahidi wa dai hilo umo katika historia ya filamu. Watengenezaji walichagua kupigia picha katika Ghuba ya Maya, kisiwa cha Phi Phi Leh, katika Bahari ya Andaman, ndani ya hifadhi ya taifa. Ufukwe huo, pamoja na uzuri wake, haukufanana vya kutosha na pepo iliyokuwa ikitafutwa. Matuta ya mchanga yakasawazishwa, mimea ya asili ikaondolewa, minazi ikapandwa. Maelezo ya Urry hayahitaji mfano bora zaidi: kisiwa cha tropiki kilirekebishwa ili kifanane na picha ya kisiwa cha tropiki.

Wenyeji hawakunyamaza. Wanaharakati na viongozi wa eneo hilo walifungua kesi, huku watengenezaji wakidai kwamba waliuacha ufukwe ukiwa safi kuliko walivyoukuta. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Thailand iliafiki kwamba utengenezaji wa filamu uliharibu mazingira na kwamba hasara itathminiwe. Mwaka 2022, zaidi ya miongo miwili baada ya kamera kuondoka, ilithibitishwa kwamba kampuni ya filamu ingetoa baht milioni 10 kwa ajili ya ukarabati.

Madhara makubwa zaidi yaliletwa na watazamaji. Walikuja kuuona ufukwe wa sinema, hadi kufikia takribani watu 5,000 kwa siku. Matumbawe yalivunjwa na nanga na miguu. Juni 2018 ghuba ilifungwa, na ilipofunguliwa Januari 2022 idadi ya wageni ilipunguzwa, boti zilizuiwa kuingia ghubani na kuogelea kukawekewa masharti. Katika kipindi cha kufungwa, papa wa mapezi meusi walirudi. Katika riwaya, papa ndiye anayewashambulia vijana watatu wa Kiswidi na kuanzisha maangamizi. Katika ghuba halisi, kurudi kwake kulikuwa dalili ya kupona. Kinyume hicho kinaeleza jambo zima: kile ambacho hadithi ya mgeni inakiita tishio, maisha ya mwenyeji yanakiita uhai.

8. Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha kwamba The Beach ni kazi hodari ya tashtiti kuhusu wasafiri wa shanta, lakini ni tashtiti ya mgeni juu ya wageni. Inajua kwamba pepo imeharibika. Haijui imeharibikia nani. Dhana ya mgeni na mwenyeji imesaidia kuonesha pengo hilo kwa sababu inadai kuwapo kwa mtu wa pili kabla ya safari kuhesabiwa kuwa ugeni.

Suala hili si geni katika pwani yetu. Karamu za mbalamwezi hufanyika pia Kendwa, kaskazini mwa Unguja. Aidha, katika mitaa ya Mji Mkongwe kijana anayewafuata wageni ili awaongoze kwa ujira hujulikana kama papasi, jina la kupe. Inafaa watafiti wa fasihi ya Kiswahili wajiulize ni safari gani ya maana iliyomtoa mtu katika neno mwenyeji na kumfikisha katika neno hilo, hali yeye hajaondoka kwao. Fasihi ya utalii imeandikwa mno na wanaofika. Kazi iliyobaki, ya kubuni na ya kuhakiki, ni ya wale waliokuwapo ufukweni tangu mwanzo, ambao hakuna ramani iliyowaonesha.