Makelele yanapoandikwa: Zeitkratzer na Metal Machine Music

Bandugu, leo tuzungumze juu ya muziki ambao wengi wenu mtauzima kabla dakika mbili kuisha. Mwaka 1975 Lou Reed, mwanaroki wa New York, alitoa Metal Machine Music: diski mbili, pande nne, hakuna kuimba, hakuna ngoma. Aliweka magitaa karibu na mabafle, yakalia yenyewe, naye akarekodi. Wanunuzi wengi walirudisha diski dukani.

Mwaka 2002, kule Berlin, kikundi cha Zeitkratzer kilipiga makelele yale kwa violoni, selo, akodeoni, saksofoni na vyombo vingine. Ulrich Krieger, mpiga saksofoni, alikuwa ameyasikiliza kwa makini na kuyaandika kwenye karatasi ya muziki. Reed mwenyewe alipanda jukwaani na gitaa. Rekodi ya usiku ule ilitoka mwaka 2007.

Imefaulu? Mimi naona ndiyo. Kwenye diski ya Reed sauti ni ukuta mmoja, huoni mlango. Hapa unaanza kuona matofali: upinde unakwaruza uzi, mtu anasukuma pumzi ndani ya saksofoni. Gitaa lililoegemezwa halichoki, lakini mkono unachoka. Ule uchovu njo unaleta hofu na uzuri ambao diski ya 1975 haina.

Lakini iko kitu kimoja kimepotea. Upande wa nne wa diski ya Reed ulikatwa ili sindano izunguke palepale bila mwisho, mpaka wewe mwenyewe usimame kuiondoa. Ukumbini, wapigaji wanamaliza, watu wanapiga makofi. Makelele yamekubali kufuata saa.

Tena iko swali linalotugusa sisi wenye diploma. Juu ya nini mtu aheshimu muziki huu kiisha kuandikwa tu? Konono N°1 wa Kinshasa walipiga likembe kwa vipaza sauti walivyojitengenezea na vipande vya magari. Sauti ilikwaruza vilevile, na hawakungoja karatasi ya mtu. Krieger hakuyageuza makelele kuwa muziki. Kazi yake inashuhudia kwamba yalikuwa muziki tangu siku ya kwanza.

Sikilizeni rekodi zote mbili, moja kiisha ingine, mniambie kwenye komenti ni ipi mlifikisha mwisho.