Chembe Mia Moja

Ukitaka kumjua fundi hodari wa maabara, mtazame akitandaza damu. Tone dogo karibu na ncha ya slaidi, slaidi ya pili imelazwa kwa nyuzi 30 hadi 45, kisha msukumo mmoja. Akisita, utando unaota matuta. Ukitoka vizuri una umbo la ulimi, mzito mwanzoni na mwembamba mwishoni.

Utando ukishakauka na kupakwa rangi, huanza kazi ninayoistahi kuliko zote: kuhesabu chembe nyeupe 100, moja moja, kwa lenzi ya mafuta. Neutrofili ana kiini kilichokatika vipande. Limfosaiti ana kiini cha duara, zambarau iliyokolea. Jicho haliendi ovyo. Neutrofili hupenda kukusanyika pembezoni na limfosaiti hubaki katikati, kwa hiyo fundi hupita kwa kupinda, ukingoni na kurudi ndani. Anayehesabu mahali pamoja tu atatoa uwiano wa uongo wa neutrofili kwa limfosaiti.

Na uwiano huo una uzito. Katika saratani ya ovari, uvimbe huuchochea mwili: neutrofili huongezeka, limfosaiti, walio miongoni mwa askari wa kupambana na saratani, hupungua. Tafiti nyingi zimeona kwamba wanawake wenye uwiano mkubwa kabla ya matibabu, kwa wastani, huishi muda mfupi zaidi. Hiyo si hukumu ya mgonjwa mmoja. Maambukizi huupandisha pia, hata deksamethasoni inayotolewa kabla ya dawa ya saratani paklitakseli, ndiyo maana saa ya kutoa damu lazima iandikwe.

Chembe sahani, zile za kugandisha damu, nazo husema. Mwaka 2012 kundi la mtafiti Anil Sood, Houston, lilichapisha habari za wagonjwa 619 wa saratani hii: asilimia 31 walikuwa na chembe sahani kupita kiasi, na maisha yao yalikuwa mafupi zaidi. Uvimbe hutoa interleukini-6, ini likachochewa kutengeneza thrombopoietini, nayo ikaamrisha uboho uzidishe chembe hizo.

Siku hizi mashine huhesabu maelfu kwa dakika, na vyema. Lakini ikitoa idadi ndogo ya kushangaza ya chembe sahani, fundi hurudi kwenye hadubini, akapekua ncha nyembamba ya utando. Akikuta chembe sahani zimeshikamana mafungu mafungu kwa sababu ya dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo kwenye kichupa, hakubali namba ile itoke. Huomba damu nyingine, safari hii kwenye kichupa cha sitrati.