Mashine ya Kushtua Moyo Haitoshi Bila Daftari

Kila mwaka nchini Uingereza, zaidi ya watu 30,000 huhangaikiwa na waokoaji baada ya mioyo yao kusimama ghafla nje ya hospitali. Wanaopona hawafiki mmoja kati ya kumi. Si kwamba nchi hiyo haina mashine za kushtua moyo, zile ambazo wataalamu huziita defibrileta. Zimetundikwa kwa makumi ya maelfu kwenye kuta za shule, vituo vya treni, maduka na viwanja vya michezo, na vijiji vingine vimeziweka ndani ya vibanda vyekundu vya simu vilivyoachwa kutumika. Hata hivyo, ni katika visa vichache tu, chini ya kimoja kati ya kumi, ambapo mpita njia huwahi kuitumia mashine hiyo kabla gari la wagonjwa halijafika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hoja yangu ni kwamba msemo huo ndio muhtasari wa tatizo lote: kununua mashine ni sehemu nyepesi ya kazi, na kinachoamua nani aishi ni kumbukumbu inayoonyesha mashine iko wapi, nani anaitunza, na kama leo inafanya kazi.

Kwanza tuelewe kwa nini dakika zina uzito hivi. Moyo unaposimama ghafla, mara nyingi huanza kwa kutetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio, na damu haiendi tena kwenye ubongo. Kukandamiza kifua husukuma damu kidogo na kununua muda, lakini kinachoweza kuurudisha moyo kwenye mapigo yake ni mshtuko wa umeme. Kila dakika inayopita bila kukandamiza kifua na bila mshtuko hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 10. Utafiti uliofanywa katika kumbi za kamari za Marekani na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha jambo hilo waziwazi. Miongoni mwa wagonjwa walioshtuliwa na walinzi ndani ya dakika tatu baada ya kuanguka, asilimia 74 walipona. Waliocheleweshwa zaidi ya hapo, ni asilimia 49. Katika viwanja vya ndege vya Chicago, mashine ziliwekwa kuanzia mwaka 1999 kwa namna ambayo mtu angeifikia mojawapo kwa mwendo wa takriban dakika moja hadi moja na nusu. Katika miaka miwili, wagonjwa 18 walipatwa na mtetemeko huo wa moyo, na 11 kati yao walipona. Baadhi ya waliowaokoa hawakuwahi kufundishwa kutumia mashine hizo.

Ni rahisi kuusoma ushahidi huu na kuhitimisha kwamba mashine zikiwa nyingi, watu watapona. Tuangalie basi jinsi Chicago walivyofanya. Mtu alipofungua kabati la mashine, kengele ililia, taa ikamweka, na kituo cha huduma za dharura kikapata taarifa papo hapo. Kila mashine ilijulikana mahali ilipo na ilikuwa na mwenyewe wa kuikagua. Kumbi za kamari nazo zilikuwa na walinzi waliofundishwa, ambao wanalijua jengo lao vizuri. Kwa maneno mengine, maeneo hayo mawili yalikuwa na daftari hata kama halikuitwa hivyo. Mtaani hakuna mlinzi wala kengele ya namna hiyo. Mtu anayemwona mwenzake akianguka barabarani hupiga simu ya dharura, na kuanzia hapo macho yake ni ya yule aliyeipokea simu. Mpokea simu asipoiona mashine kwenye skrini yake, inaweza kuwa mita 100 kutoka kwa mgonjwa na isimfae kitu.

Hilo ndilo pengo ambalo Uingereza iliamua kuliziba. Huduma 14 za magari ya wagonjwa zilikuwa kila moja na orodha yake, zikiandikwa kwa mitindo tofauti, na makumi ya maelfu ya mashine hayakuwa kwenye orodha yoyote. Shirika la British Heart Foundation, likishirikiana na Resuscitation Council UK, St John Ambulance na umoja wa wakuu wa huduma za magari ya wagonjwa, lilijenga daftari moja la kitaifa linaloitwa The Circuit. Mwenye mashine huisajili mara moja tu, na taarifa zake huingia moja kwa moja kwenye mfumo wa huduma ya eneo lake. Simu ya dharura inapopigwa, mpokea simu huona mashine iliyo karibu na inayopatikana saa hiyo. Kama mpigaji yuko peke yake, huambiwa asimwache mgonjwa bali aendelee kukandamiza kifua. Kama wapo wawili, mmoja hutumwa kuifuata na hupewa namba ya kufungulia kabati ikiwa limefungwa.

Ubora wa mfumo huu, kwa maoni yangu, uko zaidi katika mlezi kuliko katika ramani. Kila mashine huwa na mtu aliyekubali kwa jina lake kwamba ataikagua na kuthibitisha hali yake. Kazi yenyewe ni ndogo ila haina likizo. Mashine hujipima yenyewe na kuonyesha alama kwamba iko tayari, lakini alama hiyo inahitaji jicho la kuitazama. Pedi zinazobandikwa kifuani zina gundi yenye maji, ambayo hukauka; pedi na betri hudumu miaka michache tu, kisha lazima zibadilishwe. Joto kali na baridi kali huharakisha uharibifu huo. Hatari kubwa kuliko zote huja baada ya mafanikio: pedi hutumika mara moja tu, na pengine mashine yenyewe huondoka pamoja na mgonjwa. Kabati linabaki ukutani, lakini huduma imetoweka. Kwa hiyo daftari la kweli lazima liweze kuiondoa mashine kwenye orodha mara inapotumika, na kuirudisha pale tu mlezi anapothibitisha kwamba imekamilika. Daftari linaloonyesha mashine isiyokuwepo ni baya kuliko kutokuwa na daftari, maana humtuma mwokoaji mbio mahali patupu.

Wapo wanaopinga wakisema masharti haya yatawakimbiza wanaojitolea. Kamati ya kijiji iliyochangishana fedha za mashine, wanasema, isibebeshwe mzigo wa ripoti na tarehe. Naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu bila wanaojitolea kazi hii isingekuwepo. Lakini mzigo wa kuitunza mashine ulikuwepo tangu siku iliponunuliwa. Usajili unaufanya uonekane, na kwa kutuma vikumbusho kabla pedi hazijaisha muda, unaupunguza. Wengine wanahofia wizi, hivyo hufunga kabati kwa namba au huiingiza mashine ndani ya ofisi. Utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2013 unawajibu: kati ya mashine zilizosajiliwa, takriban asilimia 9 tu zilipatikana saa zote. Nyingine zilibaki nyuma ya milango iliyofungwa jioni, usiku na mwisho wa wiki, na saa hizo ndizo zilizobeba zaidi ya nusu ya matukio ya hadharani. Saa za kufikika ni taarifa muhimu sawa na anwani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba watu wengi huanguka nyumbani, si barabarani, hivyo fedha ziende kwenye kufundisha umma kukandamiza kifua. Mafunzo ni ya lazima, sina ubishi. Hata hivyo, jaribio kubwa la Amerika Kaskazini lililochapishwa mwaka 2004 lililinganisha vikundi vya watu waliofundishwa kukandamiza kifua pekee na vikundi vilivyoongezewa mashine. Waliopona walikuwa 15 kati ya 107 upande wa kwanza, na 30 kati ya 128 upande wa pili. Mashine iliongeza uhai juu ya mafunzo. Kuhusu nyumbani, Denmark imeonyesha njia tangu mwaka 2017: wanaojitolea walio karibu hupata taarifa kwenye simu zao, baadhi wakienda moja kwa moja kwa mgonjwa na wengine wakielekezwa kupitia mashine iliyo karibu. Mpango huo unategemea orodha sahihi ya mashine. Orodha ikikosea, wanaojitolea hufika mikono mitupu.

Funzo hili linawahusu pia wasomaji wetu wa Afrika Mashariki, ambako hoteli, viwanja vya ndege na viwanja vya mpira huenda vikanunua mashine hizi kabla ya nchi kuwa na daftari lake. Anayepanga kununua na ajibu maswali manne kabla ya kulipa: nani ataikagua kwa jina, fedha za pedi na betri zitatoka wapi, nani ataweza kuifikia usiku wa manane, na wapokea simu za dharura watajuaje kwamba ipo. Serikali nazo zianze daftari sasa, mashine zikiwa bado chache, kwa kuwa kuorodhesha mia moja ni rahisi kuliko kuzitafuta elfu kumi baadaye. Na wewe msomaji, kama ofisini, shuleni au msikitini kwenu kuna mashine ya namna hii, kesho angalia tarehe ya pedi zake na uulize ni nani mlezi wake. Akikosekana, mkutane mumchague.