Imla ya Mashine na Sikio la Mwandishi

Imla ni neno la chuoni. Mwalimu husoma, mwanafunzi huandika, kisha daftari hukaguliwa. Siku hizi anayesoma ni yeyote mwenye simu au kompyuta, na anayeandika ni mashine. Agosti 2017 kampuni ya Google iliongeza lugha 30 katika huduma yake ya kuandika kwa sauti, Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania kikiwamo. Tangu hapo mtu aliyeko Moshi huweza kuisemea simu barua ya kikao cha ukoo, nayo ikaandikika bila ya kugusa herufi. Kichaga, ambacho aghalabu ndicho kinachozungumzwa katika kikao hicho, hakikuwamo katika orodha ile.

Faida ya chombo hiki haibishaniwi. Mzee ambaye macho yake yamefifia, au ambaye mkono umemkatalia, hupata njia ya kuyatoa yaliyomo kifuani. Walakini uhakiki hauishii kwenye faida. Huuliza pia: je, kilichoandikwa ndicho kilichosemwa?

Kilimanjaro panafaa kuulizwa swali hilo, kwani huko imla si jambo geni. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, aliishi miaka mingi Old Moshi akiwasikiliza wazee wakieleza mafunzo waliyokuwa wakipewa vijana, akayachapisha katika juzuu tatu baina ya 1932 na 1938. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu aliyefariki 1927, alikuwa ameshajaza madaftari ya historia ya Wachaga. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle naye akatoa kwa Kiswahili kitabu chake Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Kila mmoja alisikia kwa sikio lake, na sikio la mmisionari si sikio la mwana wa nchi. Hata hivyo wote walikuwa na uwezo mmoja: neno lisipowaelea, waliweza kuuliza.

Mashine haiulizi. Ikipokea sauti, hupima ni maneno yapi yanayofanana nayo, na yapi huandamana mara nyingi katika matini na sauti ilizofunzwa; lililozoeleka ndilo hushinda. Kwa hiyo barua ya ofisini hutoka safi. Ama mkaazi wa mteremkoni anayetaja kihamba, shamba la urithi lenye migomba na kahawa. Au mfongo, mfereji unaoteremsha maji mashambani. Au isale, jani ambalo Mchaga humpelekea aliyemkosea ili kuomba radhi, huyo yumo hatarini kuandikiwa neno jingine linalojulikana na wengi. Barua ya kuombea radhi ikikosa isale, radhi hiyo imeombwa kwa kitu gani?

Wapenzi wa ushairi wa pwani wasidhani kuwa haya ni ya milimani tu. Mshairi wa Mvita akijenga kina cha ti, akataja yakuti, kisha akataja nti, chombo kilichofunzwa Kiswahili sanifu kina kila sababu ya kuandika nchi. Maana itabaki, kina kitakufa. Mizani nayo humwagwa kama mchanga, kipande kisijulikane na kipande, wala mshororo na mshororo. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, alipozikusanya tungo za Muyaka bin Haji kutoka vinywani mwa watu katika karne ya 19, aliongeza maelezo ya kumsaidia msomaji. Kazi hiyo, iliyopitia mikononi mwa W. E. Taylor, ndiyo iliyomwezesha William Hichens kuichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Mwandishi wa imla alikuwa pia mlinzi wa lugha.

Watakuwapo wasemao kwamba mashine itajifunza. Ni kweli, na mradi wa Common Voice wa Mozilla ulianza juhudi za kukusanya sauti za Kiswahili mwaka 2021. Lakini mashine hujifunza kile inachopewa. Sauti za Rombo, Machame na Vunjo, kama zilivyo za Pemba na Lamu, zisipotolewa na wenyewe, hakuna atakayezitoa kwa niaba yao.

Hata zikitolewa, imla ina nusu ya pili: kumsomea msemaji yaliyoandikwa. Mjukuu akikaa na babu yake kihambani, akamsomea ukurasa uliotoka kwenye simu, watafika mahali babu atamkatiza na kusema kwamba hakusema hivyo. Atalirudia neno lake, na mjukuu atamwuliza maana yake. Swali hilo dogo ndilo lililokikuza kizazi baada ya kizazi cha waandishi, na likiachwa, kurasa zitajaa na maneno yatapungua.