Deni la Mlembe: Juu ya Wanyama Waandani katika Michezo ya Video

Mnyama mwandani ni mmoja wa wahusika wapendwao sana katika michezo ya video. Aweza kuwa farasi, mbwa, ndege, au kiumbe asiyepata kuonekana duniani. Kazi yake ni kufuatana na shujaa, kumbeba, kumpigania au kumwonyesha njia. Wapenzi wa michezo hiyo hubishana juu ya nani aliye bora kati yao, na aghalabu ubishi huishia katika hesabu: huyu ana mbio kuliko yule, huyu achukua mizigo mingi, yule aponya majeraha. Hesabu hiyo ina mahali pake, lakini mhakiki hawezi kutosheka nayo, maana hata shoka na mtumbwi huhesabiwa hivyo hivyo. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba mnyama mwandani apimwe zaidi kwa deni. Je, mchezo wamfanya mchezaji awiwe na mnyama huyo? Na asipolipa, hupatwa na nini? Kipimo hicho hakikutoka ng'ambo. Kimo katika misitu ya Sikonge.

Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, ni nchi ya miombo, na asali yake yajulikana mbali. Wanyamwezi wamerina asali huko tangu kale, wakitundika mizinga ya magome na ya magogo juu ya miti, na wakitafuta nyuki wa mwitu katika matundu ya miti. Rafiki wa mrina asali katika misitu ya namna hii ni mlembe, ndege mdogo asiye na uzuri wa kutajwa, ambaye humlilia mtu, kisha humtangulia mti hata mti mpaka penye nyuki. Mlembe hula nta na majana, yaani watoto wa nyuki, lakini hana nguvu ya kupasua mti wala kuwafukuza wenyewe. Mtu ana shoka na moshi, lakini hajui nyuki walipo. Kila mmoja amepungukiwa na kile alicho nacho mwenziwe.

Manufaa ya ndege huyu yamekwisha kupimwa. Katika mwaka 1989 wataalamu Isack na Reyer walichapisha hesabu zao kutoka kwa Waborana wa kaskazini ya Kenya: mrina asiye na ndege alichukua wastani wa saa 8.9 kuwapata nyuki, na aliyeongozwa na ndege saa 3.2. Lakini watu wa Afrika hawakumheshimu mlembe kwa saa hizo peke yake. Katika nchi nyingi ni desturi kumwachia sega, na husimuliwa kwamba atakayemnyima, safari ijayo atapelekwa kwa simba au kwa nyoka. Si lazima tuyaamini masimulizi hayo ili tuione maana yake. Yanasema kuwa ndege ana kumbukumbu, na kwamba msaada wake umefungua daftari kati yake na mtu.

Sasa tuutazame mchezo wa Ghost of Tsushima, uliotoka mwaka 2020. Habari yake ni ya kisiwa cha Tsushima, huko Japani, kilipovamiwa na Wamongolia mwaka 1274. Humo mna ndege wa rangi ya dhahabu ambaye hutokea mbele ya shujaa, akaruka, akangoja, akaruka tena, mpaka amemfikisha mahali pa faida. Aliyekulia karibu na miombo hawezi kukosa kumtambua: ni mlembe aliyevikwa dhahabu. Ni mzuri kuliko mlembe wetu, wala hapotezi njia. Lakini hataki kitu. Shujaa hana la kumwachia, na hata akimpuuza mara mia, ndege atarudi kwa bidii ile ile. Mbweha wa mchezo huo huo, ambaye huwaongoza watu kwenye vihekalu, angalau aweza kupapaswa kichwani mwisho wa safari. Ndege hata hilo hana. Kwa hiyo, pamoja na uzuri wake wote, yeye ni kibao cha njia kilichotiwa mbawa. Wachezaji humsifu, lakini ni wachache watakaokuwa na hadithi yake ya kusimulia, kwa sababu baina yao na yeye hapakutokea jambo.

Aina ya pili ni mnyama wa mizigo. Katika mchezo wa Minecraft mtu aweza kumfuga punda, akamfunga sanduku, na sanduku hilo likapokea vitu vya namna 15. Punda hachoki, hagomi, wala haumwi. Msomaji wa Tabora ana haki ya kutabasamu hapa, kwa kuwa historia ya nchi yake yote ilitegemea kukosekana kwa mnyama huyo. Burton na Speke walipotoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh mwezi wa Novemba, punda wao wengi walikuwa wamekufa njiani. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakateremshwa Msasani ili waende mpaka Ziwa Tanganyika. Baadhi yao walikufa njiani, na hakuna hata mmoja aliyedumu. Katika sehemu nyingi za njia ile ndorobo waliua farasi, punda na ng'ombe, na kwa sababu hiyo pembe na vitambaa vilikwenda juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mtu na mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu.

Silileti jambo hili ili kuulaumu mchezo wa watoto. Nalileta kwa sababu lafundisha namna ya kusoma. Mahali palipojulikana uzito wa mzigo, mbebaji asiyechoka haonekani kuwa mwandani. Aonekana kuwa bohari yenye miguu. Waandishi wa Red Dead Redemption 2, mchezo wa mwaka 2018, walilitambua neno hili. Farasi wao hulishwa, hupigwa brashi, hutulizwa anapoogopa, na imani yake kwa bwana wake hukua kidogo kidogo. Akijeruhiwa vibaya asipate dawa, hufa asirudi. Mchezaji aweza kununua mwingine mwenye mbio kuliko yule wa kwanza. Lakini wengi humlilia wa kwanza, kwa kuwa ndiye waliyemlipia kwa muda wao.

Aina ya tatu ni mpiganaji, na hapa wa kutajwa ni Pokémon, iliyotoka Japani mwaka 1996 ikiwa na viumbe 151. Mbuni wake, Satoshi Tajiri, alipenda kukusanya wadudu utotoni, na kupenda huko kwaonekana katika mchezo wote: kila kiumbe ana jina, umbo na makao yake. Lakini katika vita deni ni dogo. Kiumbe akishindwa huzimia tu. Hupelekwa mahali pa tiba, akaponywa bure, akarudi vitani. Mchezaji aweza kumtumia vibaya mchana kutwa, na jioni daftari likawa jeupe.

Yaliyotokea baadaye yafaa yazingatiwe. Tangu mwaka 2010 wachezaji wengi wamejiwekea kanuni ngumu iitwayo Nuzlocke. Hakuna mtengenezaji aliyewaamuru. Kiumbe akizimia mara moja huhesabiwa amekufa, wala hatumiwi tena. Na kila anayekamatwa sharti apewe jina na bwana wake. Mchezo hauna haya yote. Wachezaji ndio walioyaongeza, wakaufanya mgumu, na wakasema kwamba sasa wawapenda viumbe wao kuliko zamani. Mtu hajitwishi mzigo bure. Walichokuwa wakikitafuta ni lile deni ambalo mwandishi alikuwa amewasamehe.

Lakini deni peke yake halitoshi. Tamagotchi, kijidude cha mkononi kilichotoka Japani katika mwaka huo huo wa 1996, kilikuwa na kiumbe asiyesaidia lolote. Yeye huona njaa, huchafuka, huugua, na akisahauliwa hufa. Watoto wengi duniani walimhangaikia, kisha wengi wakamwacha droowani. Huyu ni mlembe anayedai sega asiyekwenda kutafuta nyuki. Huruma aliiamsha, lakini hakuwa na safari ya kwenda pamoja na mtu. Mwandani kamili ni yule anayetoa na anayehitaji, na ambaye hatujui kwa yakini kama leo atakubali.

Mfano bora wa huyo naona ni Trico, mnyama mkubwa mwenye manyoya katika The Last Guardian, kazi ya Fumito Ueda iliyotoka mwaka 2016. Mtoto mdogo amefungiwa pamoja naye katika magofu, na hakuna hata mmoja awezaye kutoka bila ya mwenziwe. Mtoto humtafutia mapipa ya chakula, humng'oa mikuki mwilini, humpapasa baada ya vita. Naye akiitwa, mara nyingi hukaa kwanza, akatazama kando, akajikuna, ndipo akaja. Wachezaji wengi walinung'unika juu ya ukaidi huo. Manung'uniko mengine yalikuwa ya haki, kwa kuwa jicho la mchezo lenyewe hugeuka vibaya katika vyumba vyembamba. Lakini ukaidi wa Trico si kosa la ufundi. Mnyama awezaye kukataa ndiye peke yake awezaye kukubali. Anaporuka shimo kwa ajili ya mtoto, tunajua kuwa aliweza kutoruka, na moyo wetu hushtuka kwa sababu hiyo.

Mabishano haya hayaanzi na vioo vya michezo. Fasihi ya Kiswahili iliyaamua zamani. Katika kisa cha Sultani Darai, alichokichapisha Edward Steere katika mkusanyo wake wa mwaka 1870, maskini Hamdani anachakura jaani, anaokota thumni, anamnunua paa. Paa huyo anasema, anapata almasi, anamposea bwana wake binti wa sultani, anamwua nyoka wa vichwa vingi na kumpa jumba lake. Kwa manufaa hashindwi na mnyama yeyote wa mchezo wowote. Kisha anaugua, na Hamdani, ambaye sasa ni tajiri, anaagiza apikiwe uji wa mtama duni. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Na Hamdani anaamka akajikuta jaani, akichakura kama zamani. Mtunzi hakutaja simba wala sheria. Alilifunga daftari, basi.

Mchezo wa Fable II, wa mwaka 2008, ulikaribia jambo hilo. Mbwa wa shujaa hubweka penye hazina iliyofukiwa, na mwisho hupigwa risasi iliyokusudiwa bwana wake. Kisha mchezaji huulizwa achague: watu wengi waliouawa wafufuke, au wapenzi wake pamoja na mbwa huyo, au apate mali. Ni mtihani wa Hamdani, uliowekwa mkononi mwa mchezaji mwenyewe. Hadithi ya kusimuliwa haiwezi kufanya hivyo. Yaweza tu kutuonyesha Hamdani akishindwa. Hapa ndipo ilipo nguvu ya sanaa hii mpya, na ndiyo sababu haifai kuidharau.

Yamkini mtu atanipinga kwa mambo mawili. La kwanza, kwamba mtu aliyechoka na kazi hucheza ili apumzike, wala hataki kudaiwa hata na ndege wa bandia. Ni kweli, naye apewe gari, ngazi au ramani, vitu visivyo na macho. Lakini mwandishi anayempa kitu macho, sauti na jina, ameomba mapenzi yetu. Hana haki ya kuyaomba, kisha akayafanya yasiwe na gharama.

La pili ni zito zaidi. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao nao huongozwa na mlembe, wameonekana wakiyachoma au kuyafukia masega ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Basi deni liko wapi? Mimi naona liko pale pale. Afichaye sega anajua kwamba ndege yumo machoni pake akilingoja. Njaa yake imo katika shauri la mrina kila siku. Si lazima mchezo utufanye wema. Yatosha utufanye tujue kwamba tunachagua, kama Mhadza ajuavyo, na kama Hamdani alivyokataa kujua.

Vijana wa Tanzania na Kenya wameanza kutengeneza michezo yao wenyewe, na hakuna shaka watataka kutia wanyama humo. Simba na tembo wamekwisha kuchoshwa na mabango ya utalii. Nawashauri wamfikirie mlembe. Atakuwa ndege mdogo, wa rangi ya vumbi, ambaye husaidia sana mara ya kwanza. Mbele ya mti uliopasuliwa mchezaji awe na vitufe viwili, kimoja cha kuchukua asali yote na kimoja cha kuacha sega, wala pasiandikwe neno lolote la kumwonya. Ndege akae tawini, atazame. Kisha mchezo uendelee, na ndege akumbuke.